Kulinda Malikale Ndani ya Ardhi ya Jeshi: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Maeneo mengi ya kale yaliyomo ndani ya ardhi ya jeshi huharibiwa hali yakiwa yamekwisha kuorodheshwa. Ripoti ipo na ramani ipo, zimefungiwa kabatini. Lakini dereva wa buldoza anayekata njia ya kuzuia moto hajawahi kuziona, na sajenti aliyeamriwa kuchimba mahandaki kabla ya mapambazuko hajui kwamba kilima anachokichimba ni kaburi la kale. Orodha hailindi chochote mpaka imfikie mtu aliyeshika koleo au usukani, tena katika lugha anayoitii, yaani lugha ya amri.

Mwongozo huu unamfaa afisa anayesimamia uwanja wa mazoezi pamoja na mwanaakiolojia anayefanya naye kazi. Wote wawili wanahitajika, kwa sababu kila mmoja peke yake hushindwa kwa namna yake: afisa hulinda kisichohitaji kulindwa, na mwanaakiolojia huandika kurasa 200 ambazo hazisomwi na kamanda yeyote.

## Vinavyohitajika kabla ya kuanza

- Barua ya kamanda inayomtaja kwa cheo afisa mwenye dhamana ya malikale, na inayompa mamlaka ya kusimamisha kazi kwa muda.
- Mwanaakiolojia mwenye kibali kutoka mamlaka ya mambo ya kale ya nchi.
- Timu ya kutegua mabomu, au angalau ratiba ya kuwapata.
- Ramani za jeshi za eneo zima, picha za zamani za angani na picha za setilaiti.
- Kipokezi cha GPS, kamera, na rejesta moja tu ya maeneo.
- Nguzo za kuashiria, kitambaa cha jiotekstaili (kitambaa imara cha kutandaza ardhini kinachopitisha maji), na mchanga na changarawe kutoka machimbo yanayojulikana.
- Fomu za maombi ya mazoezi na ya uchimbaji zinazotumika kambini sasa. Utazirekebisha, hutatunga nyingine.

## Hatua ya 1: Pata msingi wa sheria na saini ya kamanda

Mkataba wa The Hague wa 1954, wa kulinda mali ya utamaduni wakati wa vita, unazitaka nchi wanachama ziandae ulinzi wa mali ya utamaduni tangu wakati wa amani, na ibara yake ya 7 inataka wawepo ndani ya majeshi wataalamu wa kazi hiyo. Itifaki ya Pili ya mkataba huo, ya 1999, inaongeza mambo ya kutekeleza, yakiwemo kuandaa orodha za mali hiyo na kupanga hatua za dharura dhidi ya moto na kuporomoka kwa majengo. Juu ya hayo ipo sheria ya mambo ya kale ya nchi husika. Nchini Marekani, kwa mfano, Kifungu cha 106 cha sheria ya 1966 ya kuhifadhi mahali pa kihistoria huilazimisha kila taasisi ya serikali kuu, jeshi likiwemo, kupima athari za mradi kwa mahali pa kihistoria kabla ya kuuidhinisha.

Usimpelekee kamanda vifungu hivi vyote. Mpelekee ukurasa mmoja unaoeleza mambo matatu: sheria inataka nini, mazoezi gani yanaweza kusimamishwa ikivunjwa, na unaomba asaini nini. Hatua hii imekamilika pale dhamana ya malikale inapoingia katika amri za kudumu za kambi. Ikibaki kwenye barua ya pongezi au katika kumbukumbu za kikao, itaondoka na kamanda atakapohamishwa.

## Hatua ya 2: Kagua ardhi, lakini usalama kwanza

Ardhi ya jeshi mara nyingi huhifadhi mengi kuliko ardhi iliyoizunguka, kwa kuwa haikulimwa wala kujengwa kwa miongo mingi. Salisbury Plain nchini Uingereza, ambako jeshi lilianza kununua ardhi mwaka 1897, kungali na mashamba ya kale na vilima vya makaburi ambavyo kwingineko vilisawazishwa na plau. Kwa hiyo usianze kwa kudhani kwamba uwanja uliopigwa mizinga hauna kitu.

Anza mezani. Picha za angani zilizopigwa jua likiwa chini huonyesha matuta na mitaro isiyoonekana kwa mtu aliyesimama hapohapo. Zilinganishe picha za miaka tofauti, kisha utie alama kila umbo lililonyooka mno au la duara lisilo la kawaida. Baada ya hapo ndipo mwende kwa miguu, mkitembea kwa mistari sambamba na kurekodi vigae, mawe yaliyochongwa, majivu, misingi ya kuta na makaburi.

Onyo: Mtu yeyote asikanyage eneo la shabaha kabla timu ya kutegua mabomu haijalipitisha. Kitambua chuma kikilia, mwanaakiolojia hachimbi; anaweka alama na kurudi nyuma. Kumbuka pia kwamba kusafisha mabomu kwenyewe ni uchimbaji, kwa sababu kila kipande cha chuma huacha shimo. Panga mapema mwanaakiolojia aelekezwe na timu hiyo mahali pa kusimama salama, ili aweze kusoma tabaka za udongo zinazofunuliwa.

Maeneo yasiyofikika kabisa kwa sababu ya milipuko yaandikwe kuwa "hayajakaguliwa". Yasiandikwe kuwa "hayana kitu". Tofauti ya maneno hayo mawili inaonekana ndogo leo, lakini miaka kumi baadaye mtu atajenga kituo cha mafuta kwa kuliamini lile la pili.

## Hatua ya 3: Chora mipaka sahihi

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika kimyakimya, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kosa la kwanza ni kuliwakilisha eneo kwa nukta moja. Nukta humwambia dereva "hapa pana kitu", lakini haimwambii kitu hicho kinaishia wapi. Akiikwepa kwa mita 20 ataona ametii, kumbe amepita katikati ya kijiji cha kale chenye upana wa mita 150. Kila eneo lichorwe kwa mstari unaolizunguka lote, kisha uongezwe ukanda wa tahadhari. Kwa eneo linalopitiwa na vifaru, ukanda wa mita 30 ni mdogo. Mimi ningechukua 50, kwa sababu kifaru kinachogeuka papo hapo huchimbua udongo kuliko kinachonyoosha njia, na dereva wake haoni mbali usiku.

Kosa la pili ni mfumo wa rejea wa ramani. Ripoti za zamani za akiolojia huwa zimeandikwa kwa mfumo wa kienyeji uliotumiwa na wapima ardhi wa enzi hizo, ilhali majeshi mengi leo hutumia WGS 84, mfumo wa kimataifa unaotumiwa na GPS. Namba zilezile zikiingizwa bila kubadilishwa, eneo huhama ardhini, na katika sehemu nyingi za dunia uhamaji huo hupita mita 100. Matokeo yake nguzo zinazungushiwa kichaka kitupu huku magofu yenyewe yakiachwa nje.

Jaribio la kuthibitisha ni jepesi. Chukua maeneo matano kutoka kwenye rejesta, mpe namba za gridi askari ambaye hajawahi kufika huko, na mwambie aende akapige picha anachokiona. Akifika penyewe mara zote tano, ramani yako iko sawa. Akikosa hata mara moja, rudi mezani ukague kila ingizo lililotoka katika ripoti hiyohiyo.

## Hatua ya 4: Panga kwa hatari, si kwa umaarufu

Gofu refu linalopendeza kila mtu analiona na kulikwepa. Kinachoharibiwa ni kile kisichoonekana: tanuri la kuyeyushia chuma lililofunikwa na nyasi, makaburi yasiyo na mawe, au tabaka la makazi lililo nusu mita chini ya udongo.

Kwa kila eneo jiulize maswali matatu: ni shughuli gani hufanyika hapo, udongo wake unavumilia nini, na kikiharibika kinaweza kurudishwa? Eneo dogo lililo kando ya njia ya magari ya deraya kwenye udongo unaolowa hutangulia eneo mashuhuri lililo juu ya mwamba. Usisahau waharibifu wasio askari, kama mmomonyoko, mizizi na wanyama wachimbao. Huko Barrow Clump, kilima cha makaburi ndani ya Salisbury Plain, waliokuwa wakitoa mifupa ya watu kaburini walikuwa melesi, yaani wanyama wachimbao mashimo, na makaburi yakalazimika kuchimbwa kitaalamu ili kuokoa kilichobaki. Kazi hiyo ilifanywa chini ya mpango wa Operation Nightingale, ulioanza mwaka 2011, ambao huwashirikisha askari waliojeruhiwa vitani.

## Hatua ya 5: Geuza malikale kuwa vizuizi vya kawaida vya uwanja

Askari wamezoea vizuizi. Wanajua eneo la mabomu, bomba la mafuta, ndege wanaotaga. Waingizie malikale katika mfumo huohuo na watayatii bila mhadhara. Waanzishie mfumo mpya na watausahau.

Kwenye ramani ya mazoezi pasiandikwe "kaburi la kale" wala "hazina". Paandikwe aina ya kizuizi tu, kwa mfano hivi:

*Eneo lenye vizuizi Na. 14. Kutembea kwa miguu: ruhusa. Magari: hairuhusiwi nje ya barabara. Kuchimba, kupiga vigingi virefu, kuwasha moto: hairuhusiwi. Maswali: kituo cha uwanja.*

Mistari hiyo mitano inatosha. Inamwambia kamanda wa kikosi anachoweza kufanya, jambo ambalo wataalamu wengi husahau. Mtu akiambiwa makatazo matupu atatafuta njia ya kuyakwepa. Papo hapo inaficha kilichopo, na usiri huo ni wa lazima. Waporaji husoma ramani kama watu wengine, na sheria ya Marekani ya 1979 ya kulinda rasilimali za akiolojia inazuia kutoa hadharani taarifa za mahali zilipo pale ambapo kuzitoa kungeleta hatari.

Rejesta kamili, yenye maelezo na picha, ibaki kwa watu wachache wanaotajwa kwa vyeo. Nakala moja ihifadhiwe nje ya kambi, kwa mamlaka ya mambo ya kale.

## Hatua ya 6: Weka lango kwenye fomu

Kila zoezi na kila ujenzi huanza na ombi. Ongeza kisanduku kimoja katika fomu iliyopo: "Imelinganishwa na ramani ya vizuizi: saini ya afisa malikale." Bila saini hiyo, ombi lisiende kwa anayeidhinisha.

Neno "kuchimba" lifafanuliwe ndani ya fomu, kwa sababu kila mtu ana tafsiri yake. Mahandaki hakuna anayeyasahau. Vinavyosahauliwa ni mashimo ya vyoo, mashimo ya taka, mitaro ya maji ya mvua kuzunguka mahema, fito za chuma za kupitishia umeme wa antena ardhini, na mabomba yanayopitishwa haraka wikendi. Njia za kuzuia moto nazo ziingizwe kwa msisitizo: moto wa nyasi hupita juu ya ardhi, lakini buldoza inayoukimbiza hukata tabaka zote chini yake. Zichore njia hizo kabla ya kiangazi, zikiwa zimekaguliwa, ili siku ya moto pasiwe na wa kuuliza.

Mpangilio ukifanya kazi utaona maombi yanaanza kuja yakiwa yamekwisha kuhamishwa na waombaji wenyewe. Maombi yote yakipita bila badiliko hata moja kwa mwaka mzima, chunguza. Huenda mtu anasaini bila kuangalia.

## Hatua ya 7: Linda ardhi yenyewe

Nguzo fupi zenye michirizi inayoakisi mwanga, zilizopangwa ili kutoka moja uione inayofuata, hufaa kuliko uzio. Uzio kamili katikati ya uwanja huwa alama ya kuelekezea njia, kificho cha kulalia, na wakati mwingine shabaha. Nguzo ziwe zilezile zinazotumika kwa vizuizi vingine, zisimamishwe nje ya mpaka, na mashimo yake yakaguliwe na mwanaakiolojia.

Pale ambapo jeshi haliwezi kuliacha eneo, mathalani barabara pekee ya kuvukia bonde, lifunike. Tandaza kitambaa cha jiotekstaili moja kwa moja juu ya ardhi bila kukwangua nyasi, mwaga mchanga safi juu yake, kisha changarawe. Kitambaa hutenganisha kilicho cha kale na kilicholetwa, hugawanya uzito, na siku ya kuondoa humwonyesha mfanyakazi mahali pa kukomea. Usitumie roli ya kushindilia inayotetema. Usifunike kaburi lenye chumba au kisima cha kale kwa njia hii, maana uzito utaviporomosha.

Umuhimu wa kitambaa hicho na wa machimbo yanayojulikana ulionekana katika mji wa kale wa Babeli nchini Iraki, ambako kambi ya kijeshi iliwekwa ndani ya magofu kuanzia mwaka 2003 hadi mwisho wa 2004. Ripoti ya British Museum, jumba la makumbusho la London, iliyotolewa Januari 2005 ilieleza mitaro iliyokatwa katika tabaka za kale, matofali ya Njia ya Maandamano, barabara kuu ya kale ya mji huo, yaliyovunjwa na magari mazito, changarawe iliyoletwa kutoka nje na kushindiliwa juu ya ardhi ambayo haijachimbwa, na mifuko ya kujikingia risasi iliyojazwa udongo wa magofu yenyewe, vigae na vipande vya mifupa vikiwemo. Hasara ya mfuko kama huo ni mbili: shimo ulikotoka limepoteza historia yake, na mahali utakapopasukia patachanganyika na vitu visivyo vyake. Kwa hiyo kila zoezi litengewe machimbo yake ya udongo wa kujazia mifuko, na machimbo hayo yaonyeshwe kwenye ramani kabla kikosi hakijawasili.

## Hatua ya 8: Wafikishie askari

Dakika kumi za maelezo kabla ya zoezi, zikitolewa na afisa wa uwanja badala ya mtaalamu mgeni, zinatosha. Mpe kila kiongozi wa kikosi kadi ya mfukoni yenye maneno kama haya:

*Ndani ya nguzo zenye michirizi usichimbe wala usipitishe gari. Udongo wa mifuko utoke machimbo yaliyopangwa tu. Ukikuta mifupa, vigae, ukuta au majivu chini ya ardhi, simama, usiondoe kitu, piga redio kituo cha uwanja. Kuokota ni kosa.*

Kadi si jambo dogo. Mwaka 2007 jeshi la Marekani, kupitia kazi iliyoongozwa na mwanaakiolojia Laurie Rush wa kambi ya Fort Drum, jimbo la New York, lilichapisha karata za kuchezea zenye maonyo ya namna hii na kuzipeleka kwa askari waliokuwa Iraki na Afghanistan. Uzuri wake ni kwamba karata hukaa mfukoni na kutolewa kila jioni, bila mtu kuamriwa kuzisoma.

## Hatua ya 9: Jiandae kwa kinachofukuliwa ghafla

Hata ukaguzi mzuri huacha kitu. Utaratibu uwe mfupi: kazi isimame mahali hapo, mtambo uzimwe bila kurudishwa nyuma juu ya kilichofukuliwa, eneo lizungushiwe utepe, kituo kiarifiwe, na turubai litandazwe kukiwa na mvua au jua kali. Kikosi kihamishiwe eneo mbadala lililokaguliwa mapema. Bila eneo mbadala, kamanda mwenye ratiba atashawishika kuendelea.

Mifupa ya mtu ina njia yake. Hakuna kupiga picha kwa simu binafsi, hakuna kuisogeza. Wanaohusika kwanza ni polisi, mpaka ithibitike kwamba ni ya kale. Kisha mamlaka ya mambo ya kale na jamii inayohusika.

Afisa wa malikale atoe jibu la kwanza siku hiyohiyo, hata likiwa tu "bakini eneo mbadala mpaka kesho". Askari aliyeripoti akangoja siku nne bila neno hataripoti tena.

## Hatua ya 10: Wape nafasi wenye makaburi na matambiko

Ardhi nyingi za jeshi zilikuwa za watu. Kijiji cha Imber, ndani ya Salisbury Plain, kilihamishwa mwaka 1943 na wenyeji hawakurudishwa kuishi, lakini kanisa lake bado hufunguliwa kwa wageni siku chache za mwaka. Panga ziara kama hizo kwa tarehe zinazotangazwa mapema, njia iliyosafishwa mabomu, na msindikizaji anayejua kukaa kando wakati wa ibada. Waulize wazee mipaka ya makaburi. Mara nyingi wanaijua kuliko picha za setilaiti. Wanachokitaja kwa siri kibaki siri, na ramani ionyeshe kizuizi tu.

## Hatua ya 11: Rudi ukaangalie

Chagua kwa kila eneo sehemu mbili au tatu za kusimama, uziandikie namba za gridi, na upige picha kutoka hapohapo kwa uelekeo uleule kila unapokagua. Maeneo ya hatari kubwa yakaguliwe kabla na baada ya kila zoezi kubwa na baada ya mvua nzito. Mengine yanaweza kungoja mwaka. Tafuta alama za magurudumu, mashimo mapya, vigae vilivyoibuka, nguzo zilizoangushwa, na mashimo madogo ya mviringo yanayoachwa na watu wenye vitambua chuma.

Ukikuta uharibifu, usiufukie upesi ili usionekane. Piga picha, pima, mwite mwanaakiolojia asome ukuta wa shimo na kuchuja udongo uliotoka, ndipo ulijaze kwa mchanga safi juu ya kitambaa. Kisha fuatilia nyaraka: ombi la zoezi hilo lilipita kwa saini ya nani, na ramani ipi ilikuwa mikononi mwa kikosi siku hiyo? Toleo la zamani likikutwa bado linatumika, kusanya nakala zake zote, ziharibu, na utoe toleo jipya lenye tarehe kubwa ukingoni.